Kilwa Kabla ya Unguja

Pepo mbili ndizo zilizoamua ni visiwa vipi vya mwambao wa Afrika Mashariki vingekuwa miji na vipi vingebaki makazi ya wavuvi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na kuvileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi; kusi hushika zamu kuanzia Aprili na kuvirudisha makwao. Nahodha wa zamani hakuwa na injini ya kushindana na upepo, kwa hiyo alichojiuliza kwanza ni ashuke kusini hadi wapi na bado awahi kusi ya kurudia. Msafiri wa leo anayekuja Tanzania kutafuta visiwa hana haja ya hesabu hiyo. Hutua Unguja, hukaa Nungwi au Paje, hutembea Mji Mkongwe siku moja, kisha huondoka akiamini kwamba ameviona visiwa vya nchi hii. Unguja inastahili kila sifa inayopewa, ila anayeanzia na kuishia huko ameona matokeo bila kuona chanzo. Ningemshauri aanzie kusini, Kilwa Kisiwani na jirani yake Songo Mnara, kwa sababu huko ndiko linakoonekana wazi jambo ambalo picha za fukwe hulificha: kisiwa cha Waswahili kilipata nguvu kwa kushikamana na bara, na kila kiliponyimwa bara, kilianguka.

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kilicho karibu sana na nchi kavu. Kutoka Kilwa Masoko, upande wa bara, mashua huvuka mkondo kwa muda mfupi tu. Mkondo huo una kina cha kutosha vyombo vikubwa, na umekingwa na mawimbi ya bahari kuu. Ardhini mna maji ya visima, jambo ambalo mgeni mwenye chupa yake mkononi hulipita bila kulitazama, lakini bila hayo maji pasingekuwa na mji. Zaidi ya yote, Kilwa imekaa karibu na kikomo cha safari ya msimu mmoja. Chombo kilichotoka Ghuba kwa kaskazi kiliweza kufika hapa, kikauza, kikanunua, kikarudi na kusi ya mwaka uleule. Kilichotaka kushuka zaidi, hadi Sofala katika Msumbiji ya leo, kilikuwa hatarini kukwama mpaka mwaka wa pili. Ndiyo sababu dhahabu iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe na kushuka Sofala ilipandishwa hadi Kilwa kwa vyombo vya pwani, na wanunuzi wakaifuata hapo. Mwanahistoria Mreno João de Barros, aliyeandika mwaka 1552, anasimulia kwamba kabla ya hapo Mogadishu ndiyo iliyoshika biashara ya Sofala. Kilwa ilikuja kuitwaa, na upepo ulikuwa upande wake.

Namna mji ulivyojieleza wenyewe inafaa kusikilizwa. Historia ya kale ya Kilwa iliandikwa kwa Kiarabu, na nakala yake moja Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa balozi wa Uingereza, John Kirk, mwaka 1877. Humo mna kisa mashuhuri cha Ali bin Hasan, mwana wa sultani wa Shiraz, aliyekinunua kisiwa kwa nguo iliyotosha kukizunguka chote. Aliyemuuzia alikuwa mtawala aliyehamia bara, na inasemwa kwamba wakati huo maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu, hata mnunuzi akauchimba mkondo ili muuzaji asipate njia ya kurudi. Masimulizi ya wenyeji, yaliyokusanywa baadaye kwa Kiswahili, yanamtaja mtawala huyo kwa jina la Mrimba, na yanaongeza kwamba mgeni alimwoa binti yake, kisha mtoto wao akapokea utawala kutoka kwa babu yake mzaa mama. Wanahistoria wamebishana sana kuhusu ukweli wa kisa hiki, na mimi sihitaji kukiamini kila neno ili kuona kinasema nini. Watu wa Kilwa walipotaka kueleza uhalali wa watawala wao, hawakutosheka na jahazi na nasaba ya ng'ambo. Walihitaji makubaliano na mwenye nchi, na katika masimulizi ya wenyeji walihitaji ndoa.

Kilele cha mji kilikuja mapema katika karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Msikiti Mkuu, ulioanza kama jengo dogo la karne ya 11 au ya 12, ulipanuliwa wakati huo mara kadhaa ya ukubwa wake. Sehemu mpya ilikuja kuporomoka, ikajengwa tena katika karne ya 15 kwa makuba na nguzo za pembe nane ambazo nyingi bado zimesimama. Nje ya mji, juu ya genge linalotazama bahari, sultani alianza kujenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100, nyua za kuwekea bidhaa, ngazi za kushukia majini na birika la kuogea la pembe nane. Halikukamilika. Ukilitazama leo unaona jumba la mtawala aliyekuwa pia mfanyabiashara: upande mmoja baraza na birika, upande mwingine ua wa mali. Hakuna jengo la umri huo, kuanzia Somalia hadi Msumbiji, linalolikaribia kwa ukubwa wa azma.

Mwaka 1331 alifika Ibn Battuta, msafiri wa Tanja. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona, na akaandika kwamba wengi wa watu wake walikuwa weusi, Zanji, waliochanjwa usoni. Alimsifu sultani kwa ukarimu: fakiri wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Ibn Battuta aliongeza kwamba al-Hasan alipokufa, ndugu yake Daud aliyemrithi alikuwa kinyume chake, na akiombwa husema kwamba aliyekuwa akitoa amekufa wala hakuacha kitu cha kutolewa. Kisa hicho kinaeleza kitu kuhusu jumba lisilokamilika. Ukarimu wa mfalme wa Kilwa haukutoka katika ardhi ya kisiwa, ambayo haingeweza kuulisha mji ule wala kuulipia. Ulitoka katika ushuru wa mali zilizopita, na mali zikipungua hata mfalme anakosa cha kutoa.

Hapa linakuja pingamizi ambalo kila mtembezaji wageni Kilwa amelisikia: kwamba miji hii ilijengwa na Waarabu au Waajemi, na kwamba kuizuru ni kuzuru ukoloni mkongwe zaidi kuliko wa Wareno. Pingamizi hili halitokani na ujinga mtupu, kwani wenyeji wenyewe walijiita Washirazi, na Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliupa uzito mkubwa mchango wa wageni. Ushahidi uliofuata umelibadili swali. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wakiwemo wa Kilwa na Songo Mnara. Wengi wao walikuwa na asili ya pande mbili, na mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000: upande wa akina mama Waafrika kwa sehemu kubwa kabisa, na upande wa akina baba waliotoka Asia, hasa Uajemi. Kisa cha ndoa ya binti wa Mrimba, ambacho wasomi kadhaa walikiona ngano, kimekaribiana na mifupa kuliko nadharia zote mbili zilizokuwa zikipigana. Na lugha iliyosemwa nyumbani, iliyorithiwa kwa mama, ilikuwa ya Kibantu.

Majengo nayo yanatoa ushahidi wao. Kuta za Kilwa ni za mawe ya matumbawe. Matumbawe laini ya baharini yalichongwa yakiwa bado mabichi kwa ajili ya mihrabu na vizingiti, kwa kuwa yakikauka huwa magumu. Chokaa ilichomwa hapohapo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa, vyumba vya nyumba za Waswahili viliendelea kuwa vyembamba na virefu hata kwa matajiri waliokula katika kauri za China. Upana wa chumba cha tajiri wa Songo Mnara uliamuliwa na mti uliomea katika matope ya pwani yake.

Sitaki kufanya uhusiano wa kisiwa na bara uonekane mtamu kuliko ulivyokuwa. Ibn Battuta huyohuyo anaeleza kwamba al-Hasan alikuwa akiwavamia watu wa bara wasio Waislamu, akichukua ngawira na kutenga khumusi yake kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba kushikamana na bara ninakokutaja kulikuwa ni unyang'anyi. Sehemu yake ilikuwa hivyo, na msafiri asifichwe. Lakini uvamizi peke yake hauwezi kuleta dhahabu ya Zimbabwe, iliyochimbwa na kuuzwa na dola zisizofikika kwa majeshi ya Kilwa. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka ilikopigwa. Jeshi la kisiwa halikuibeba hadi kule. Ilipita mkono kwa mkono, katika mnyororo wa watu ambao kila mmoja alikuwa na sababu ya kumwamini wa pili. Sarafu nyingine za Kilwa zimeokotwa mbali zaidi, katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, ingawa ya Great Zimbabwe ndiyo inayoeleza jambo kubwa zaidi.

Anguko lilithibitisha kanuni ileile. Nahodha Mreno Vasco da Gama alipofika Kilwa mwaka 1502 alimlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, alipe ushuru wa dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon, na mwaka 1506 ikawa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, ambacho kiko hadi leo katika jumba la makumbusho la mji huo na huhesabiwa kati ya kazi bora za sonara wa Kireno. Anayetaka kuiona dhahabu ya Kilwa kwa macho yake anapaswa kwenda Lisbon, na hilo ni jambo la kuumiza. Julai 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji, ukaporwa, na ngome ikajengwa. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome hiyo wakaondoka. Kwa kawaida tunasimulia kwamba mizinga iliiua Kilwa, lakini mji ulioporwa unaweza kujengwa tena. Pigo lililoua lilipigwa mwaka uleule wa 1505 huko Sofala, ambako Wareno walijenga ngome nyingine. Kutoka siku hiyo njia ya dhahabu ilikatwa kichwani, na Kilwa ikabaki na bandari nzuri, visima vyema na msikiti mkubwa, bila ya kile kilichowafanya watu waje. Wareno wenyewe waliondoka kwa sababu hapakuwa na faida ya kukaa. Mwaka 1587 mji ulipigwa tena, safari hii na Wazimba waliotoka bara.

Kilwa iliinuka kidogo katika karne ya 18, na namna ilivyoinuka ni sehemu chungu kabisa ya historia hii. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Bara lilikuwa limerudi, lakini sasa lililoletwa ni watu. Wakati Waomani walipoimarisha utawala wao na kujenga Gereza karibu na mwaka 1800, ngome nyeupe ambayo ndiyo ya kwanza kumpokea anayevuka leo, biashara ilikuwa ikihamia bara, Kilwa Kivinje, ambako misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia moja kwa moja ufukweni. Misafara haikuwa na haja tena ya kuvuka kwenda kisiwani.

Songo Mnara inaeleza hadithi hiyo kwa ufupi. Mji huo ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14, ukaachwa mapema katika karne ya 16. Maisha yake yote ni kama miaka 150, na baada ya hapo haukufunikwa na mji mwingine. Ndiyo sababu wataalamu Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, walioanza kuchimba huko mwaka 2009, waliweza kuusoma mpango wake: nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti kadhaa, na katikati uwanja wa wazi wenye makaburi ambako waliokuja kuzuru wafu waliacha vijiwe na sarafu. Kwangu hiki ndicho kisiwa cha kutembelewa kuliko vyote vya Tanzania, kwa sababu mtu hupita katika mitaa, vibaraza na milango ya watu wa enzi moja, bila ya karne za baadaye kuingia kati.

Kuna anayeweza kunikumbusha kwamba Unguja ni ya kale zaidi. Ni kweli. Unguja Ukuu ilikuwa ikifanya biashara na ng'ambo tangu karne ya 6 au ya 7, na mihrabu ya Kizimkazi ina maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Pemba nayo, huko Mtambwe Mkuu, ilitoa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na kwenye boma la Pujini watu wanamkumbuka Mkame Ndume, mtawala aliyejizungushia kuta na kuogopwa. Lakini Unguja Ukuu haina majengo ya kumwonyesha mgeni, Kizimkazi ni msikiti mmoja, na Pujini, pamoja na uzito wake wote, ni kazi ya mtu aliyejifungia. Kwa mtu mwenye siku chache, Kilwa na Songo Mnara ndizo zinazojieleza bila mkalimani. Hata Unguja ya karne ya 19 inaeleweka vizuri zaidi baada yake. Seyyid Said, sultani wa Oman, alipohamishia makao yake huko hakukitafuta kisiwa cha kupumzikia. Alitafuta bandari iliyotazamana na njia za pembe za ndovu na watumwa zilizopita Tabora na Ujiji hadi Kongo, njia zilizokibeba Kiswahili hadi kinakosemwa leo mashariki ya nchi hiyo. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe ililipiwa na bara, kama Husuni Kubwa.

Pingamizi la mwisho ni la starehe: watu huja visiwani kwa ajili ya bahari, na Kilwa ni mbali, ni magofu, ni mji uliokufa. Umbali umepungua sana tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji. Kabla ya hapo pantoni na mvua ndivyo vilivyoamua nani afike. Mji uliokufa si maneno sahihi, kwa kuwa kijiji kipo, watu wanavua, wanalima na kuswali hatua chache kutoka Msikiti Mkuu, na mwongozo anayetoka kijijini huyajua magofu kuliko kijitabu chochote. Hofu ya kwamba wageni wataharibu ina msingi zaidi. UNESCO iliviweka visiwa hivi viwili katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikaviingiza katika orodha ya hatari mwaka 2004, na kuvitoa mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya kukarabati kuta na kuzuia ufukwe usiliwe. Adui wakati wote huo alikuwa mawimbi, mizizi na kusahaulika zaidi kuliko nyayo za wageni, na kibali anacholipia mgeni kabla ya kuvuka hukumbusha walau kwamba magofu haya yana mwenyewe.

Anayetaka bahari hatakosa. Atoke Kilwa apandie Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari nchini ilianzishwa mwaka 1995 na ambako papa potwe huonekana kuanzia Oktoba hadi Machi. Akiwa huko avuke hadi Juani akayaone magofu ya Kua, mji ulioangamizwa mapema katika karne ya 19 na wavamizi Wasakalava waliokuja kwa ngalawa kutoka Madagascar na kuwachukua watu wake utumwani. Kua nayo ilikuwa na misikiti, jumba la ghorofa na bandari, lakini ilikuwa kisiwa nyuma ya kisiwa, bila bara la kuitegemea wala kuilinda. Kisha aende Unguja. Afike Mkunazini, mahali ambapo palikuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873 na kanisa la Kianglikana likajengwa juu yake, akijua kwamba wengi wa waliosimamishwa pale kuuzwa walipakiwa majahazini Kilwa Kivinje, bara, si mbali na mji uliokuwa ukiuza dhahabu.